Simu Ibaki Chini Mtoto Anapopanda Bembea

Kila Idi inapokaribia, sisi wa kamati ya msikiti hapa Mtendeni huulizwa kuhusu zakatul-fitri, saa ya swala na mahali pa kuswalia. Safari hii swali lililotuweka kitako muda mrefu zaidi lilihusu bembea. Mama mmoja alilalamika kuwa Idi iliyopita binti yake alizuiwa kupanda bembea ya kuzunguka akiwa na simu mkononi, ilhali wenzake walikuwa juu wakipiga picha. Je, hakuonewa?

Tulimjibu kuwa msimamizi yule alikuwa na haki. Kosa lake ni kuwaachia wale wengine.

Tulitazame jambo lenyewe. Simu ya kawaida ina uzito wa gramu 200 hivi. Ikidondoka kutoka kimo cha mita 20, hufika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa. Bembea zetu za Idi hazifiki kimo hicho, lakini kinachozunguka kwa kasi hurusha vitu pembeni, na pembeni ndipo wanaposimama watoto wanaosubiri zamu. Tena mkono ulioshika simu haukushika chuma.

Nchi zenye viwanja vikubwa vya michezo zimeyaona hayo. Mwaka 2015, katika uwanja wa Cedar Point, jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja aliingia eneo lililozungushiwa ua kutafuta simu aliyoipoteza akiwa mchezoni. Aligongwa na mtambo uliokuwa ukipita, akafariki. Mwaka huo huo, kuanzia 30 Juni, viwanja vya Disney nchini Marekani vilipiga marufuku vijiti vya kupigia selfi.

Kwa Muislamu, msingi wa jambo hili ni wa zamani kuliko kamera. Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wanaopita msikitini au sokoni na mishale wazishike ncha zake, asije Muislamu yeyote akadhurika. Hakuwakataza kumiliki mishale. Aliwataka wachunge usalama wa wanaopita karibu nao. Simu juu ya bembea ni mshale ambao ncha yake haijashikwa.

Lipo pia suala la sitara. Upepo wa bembea hupeperusha mitandio na nguo za mabinti zetu. Anayepiga picha akiwa kitini huwachukua pamoja na watu asiowajua, na jioni picha hizo zimekwisha kusambaa katika makundi ya simu. Kumsitiri mwenzio ni wajibu, hata katika siku ya furaha.

Sisi wa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mazingatio. Siku ya Idil-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto 20 walipoteza maisha katika mji huu kwa msongamano ndani ya ukumbi wa disko. Simu haikuwa sababu siku ile. Hata hivyo, msiba ule ulituachia funzo moja: furaha ya watoto wengi pamoja inahitaji utaratibu, na utaratibu unalindwa na watu wazima kabla ya madhara, kwani baada yake hubaki kilio tu.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, tunashauri haya. Mtu mzima mmoja abaki chini na simu zote za familia. Picha ipigwe kabla ya kupanda au baada ya kushuka, na mpigaji asimame nje ya ua. Mitandio mirefu ifungwe vizuri isinase kwenye mashine. Kitu kikidondoka, aambiwe msimamizi asimamishe bembea. Asiruke mtu ua kukifuata. Na msimamizi akisema hapana, tumuunge mkono mbele ya watoto wetu, ili naye apate nguvu ya kumkatalia kila mtu kwa usawa.

Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Idi ijayo yeye ndiye atakayebaki chini na simu. Allah (S.W.) atufikishe salama, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.