Swichi Mbovu Ni Deni la Kiwanda

Waendesha pikipiki wengi huichukulia swichi ya ufunguo kama kinga dhidi ya wezi. Ukizungusha, mashine inawaka. Ukichomoa, umeifunga. Kwa pikipiki ndogo nyingi za Kichina za muundo wa CG125, mtazamo huo hauko mbali na ukweli. Umeme wa plagi hutoka kwenye koili iliyo pembeni mwa injini, hupita kwenye kifaa cha cheche kiitwacho CDI, na swichi ikiwa imezimwa huunganisha waya mmoja na fremu ili kuua moto. Waya huo ukikatika, injini haizimiki. Inaendelea kunguruma hata ukiuchomoa ufunguo. Ndiyo maana mwizi anayejua kazi yake huutafuta waya huo kwanza.

Pikipiki kubwa za kisasa, zile za sindano ya mafuta na kompyuta, zimejengwa kinyume chake. Umeme wa betri hupita kwenye fyuzi kuu, ukaingia kwenye swichi, na kutoka hapo ndipo unagawanywa kwenda kwenye kompyuta, pampu ya mafuta, koili, taa, indiketa na mfumo wa breki za ABS. Mguso wa ndani ya swichi ukiachia kwa muda mfupi tu, vyote hivyo vinakufa kwa pamoja. Mwendeshaji aliyeilaza pikipiki kwenye kona kwa kilomita 90 kwa saa anapoteza nguvu ya injini wakati anaihitaji zaidi, gurudumu la nyuma linavutwa na injini iliyozimika, na dereva wa lori aliye nyuma yake haoni taa ya breki wala taa ya nyuma. Gari likizimika lina magurudumu manne ya kulisimamisha na bodi ya kumkinga mtu. Pikipiki haina hata kimoja kati ya hivyo.

Hatari hiyo inatokana na mahali swichi ilipowekwa. Kwenye pikipiki nyingi imefungwa juu ya shingo ya usukani, na nyaya zake hushuka kupita kwenye shingo hiyo kuelekea kwenye fremu. Kila unapokata kona, kila unapogeuza uani, kila unapofunga usukani usiku, nyaya zinapindwa na kunyooshwa. Zikikatwa fupi kiwandani, au zikabanwa vibaya, uzi mmoja mmoja wa shaba hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana kwa nje. Wakati mwingine kinachoachia ni risasi iliyochomelewa kwenye kitako cha swichi. Maji ya mvua na joto navyo huchangia, na rundo la funguo linaloning'inia huutikisa mtungi wa swichi kwenye kila shimo la barabara.

Kuna jaribio rahisi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Simamisha pikipiki kwenye stendi, washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha geuza usukani taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa huku macho yako yakiwa kwenye dashibodi na taa ya mbele. Rudia huku ukiutikisa ufunguo kidogo kwa vidole viwili. Taa ikipepesa mara moja tu, tatizo lipo. Ila ikitulia usijihakikishie kupita kiasi, kwa sababu waya uliobakiza nyuzi chache hupitisha umeme vizuri mpaka siku unapokatika.

Kampuni inapogundua kwamba kasoro ya aina hii haiko kwenye pikipiki moja bali kwenye kundi zima lililotoka kiwandani, inatakiwa iziite pikipiki hizo zirekebishwe. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu umeandikwa kwa undani, msingi wake ni sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966. Msimamizi ni NHTSA, mamlaka ya serikali kuu inayoshughulikia usalama barabarani. Kampuni ikishathibitisha kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka hiyo, na siku 60 baada ya hapo barua ziwe zimetumwa kwa wamiliki. Marekebisho ni bure. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2015, muda wa haki hiyo uliongezwa kutoka miaka 10 hadi 15 tangu chombo kiuzwe kwa mara ya kwanza.

Wengi huchanganya wito huu na waranti. Waranti ni ahadi ya kibiashara, ina ukomo wa muda au kilomita, na mara nyingi ina masharti. Wito wa usalama ni deni ambalo sheria imemtwika mtengenezaji, na deni hilo linafuata namba ya chesisi, si jina la mtu. Hivyo haijalishi kama wewe ni mmiliki wa nne, kama waranti iliisha zamani, au kama pikipiki uliinunua jimbo jingine kwa mtu uliyekutana naye barabarani. Wakala yeyote aliyeidhinishwa na kampuni hiyo anaweza kuifanya kazi, na gharama yake inarudi kwa kampuni.

Ulimwengu ulijifunza uzito wa swichi kupitia magari, si pikipiki. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa legelege, kiasi kwamba goti la dereva, mtikisiko wa barabara au uzito wa funguo vingeweza kuisogeza swichi kutoka kwenye hali ya kuwaka. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufunguka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Kinachouma zaidi ni kwamba swichi hiyo ilikuwa imeshaboreshwa kimyakimya mwaka 2006, lakini namba yake ya spea haikubadilishwa. Aliyelinganisha kwa namba aliona kitu kilekile. Ilibidi mhandisi aliyekodiwa kwenye kesi ya familia moja ya Georgia anunue swichi mpya, aifungue na kuiweka kando ya ile ya zamani, ndipo tofauti ikaonekana. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza shauri la jinai. Wamiliki waliokuwa wakisubiri spea waliambiwa watoe kila kitu kwenye pete ya funguo, ubaki ufunguo peke yake. Ushauri huo unamfaa pia mwenye pikipiki.

Tuje sasa kwenye kaunta ya wakala, kwa sababu hapo ndipo haki iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi hukwama mara nyingi. Anayekupokea anaingiza kwenye kompyuta namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, ambayo kwenye pikipiki huwa imegongwa kwenye shingo ya fremu. Mfumo unamwonyesha kama kuna wito ambao haujafanyiwa kazi. Baada ya hapo jibu huwa mojawapo kati ya haya matatu: “spea ipo, njoo siku fulani”; “spea haijafika, tutakupigia”; au “hatujasikia habari hiyo”. Jibu la tatu ni la kukataa kwa adabu. Omba aangalie tena, na ukiweza nenda na nakala iliyochapishwa ya ukurasa wa NHTSA. Tangu mwaka 2014 kampuni kubwa za pikipiki zinalazimika kumwezesha mtu yeyote kutafuta mtandaoni, kwa namba ya chesisi, kama chombo chake kina wito usiotekelezwa.

Jibu la pili ndilo gumu, maana mara nyingi ni la kweli. Wito hutangazwa kabla spea hazijatengenezwa za kutosha, na barua ya kwanza huwa ni ya tahadhari tu, ikifuatwa na nyingine spea zikipatikana. Hapa watu wengi hufanya kosa la kuondoka na ahadi ya mdomo. Sheria ya Marekani inasema pikipiki iliyofikishwa kwa marekebisho isiporekebishwa ipasavyo ndani ya siku 60, hilo peke yake linahesabika kuwa ushahidi wa awali kwamba kampuni imeshindwa kutekeleza kwa muda unaofaa. Lakini siku 60 huhesabiwa kuanzia lini kama hakuna karatasi inayoonyesha siku uliyofika? Usiondoke kaunta bila hati ya kazi yenye tarehe, namba ya chesisi, namba ya wito, na maneno yanayosema kwamba umeileta pikipiki kwa marekebisho na spea haikuwapo. Ikikataliwa, andika barua pepe siku hiyohiyo kwa wakala na kwa kampuni, ukieleza ulifika saa ngapi na ukajibiwa nini. Huku si kutafuta ugomvi. Mhudumu wa kaunta ana foleni ya wateja wanaolipa taslimu kwa tairi na sevisi, na kazi ya bure isiyo na tarehe husukumwa nyuma kirahisi.

Uliza pia swali ambalo wengi hawalikumbuki: je, nitaendelea na ufunguo wangu? Swichi ina sehemu mbili, mtungi wa ufunguo juu na kitako cha umeme chini. Kasoro ikiwa kwenye kitako au kwenye nyaya, fundi hubadilisha sehemu hiyo na ufunguo wako unabaki uleule. Swichi nzima ikibadilishwa, inakuja na funguo zake, nawe unaweza kujikuta na ufunguo mmoja wa kuwashia na mwingine wa tangi na siti, isipokuwa kama wamekupa seti kamili ya vitasa. Pikipiki yenye chipu ya kuzuia wizi inahitaji funguo zitambulishwe upya kwenye kompyuta yake, kwa hiyo nenda na funguo zako zote, za akiba zikiwemo.

Kazi yenyewe si ya kukimbizwa. Swichi nyingi hufungwa kwa bolti za mara moja, ambazo kichwa hukatika zikishakazwa ili mwizi asiweze kuzifungua kwa spana. Fundi huzitoa kwa keekee au patasi, na swichi mpya inapaswa kufungwa kwa bolti mpya za aina hiyo. Nyaya nazo zirudishwe kwenye njia yake na klipu zake, ziwe na ulegevu wa kutosha usukani ukikatwa pande zote. Kwangu hili ni muhimu kuliko swichi yenyewe, kwa kuwa swichi mpya yenye waya uliobanwa itarudi kwenye kasoro ileile. Pikipiki ikitolewa, fanya lile jaribio la usukani hapohapo uani, mbele ya fundi, kabla hujasaini.

Aliyeona tatizo mapema na kulipa kutoka mfukoni asitupe risiti. Kampuni inatakiwa iwe na utaratibu wa kuwarudishia fedha waliorekebisha kasoro hiyohiyo kabla hawajaarifiwa. Naye anayenunua pikipiki iliyotumika ajue kwamba sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza wakala kukabidhi pikipiki mpya yenye wito usiotekelezwa, lakini katazo hilo haligusi iliyotumika. Mimi naona hilo ni pengo baya, kwa sababu anayenunua kilichotumika mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo wa kujua.

Kwetu Afrika Mashariki pengo ni pana zaidi. Sheria zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa bora, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayogusa usalama wa bidhaa, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kinachokosekana ni uzi wa kumfikia mwendeshaji. Bodaboda hununuliwa kwa mkopo kwa jina la mtu mmoja, ikaendeshwa na mwingine kwa hesabu ya siku, kisha ikauzwa kwa makubaliano ya mdomo huku kadi ikibaki na jina la zamani. Hata wakala mwenye nia njema akituma ujumbe, unaishia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuuza.

Na swichi ikianza kusumbua, kijana hapeleki kwa wakala. Anakwenda kijiweni, fundi anaunga dairekti, na kabla ya chai kupoa amerudi barabarani. Simlaumu, maana siku bila kazi ni siku bila hesabu ya bosi. Lakini swichi iliyorukwa namna hiyo haiingii kwenye kumbukumbu yoyote. Hata kama maelfu ya pikipiki za toleo moja zina kasoro moja, kila fundi anaijua ile moja aliyoishika, na kiwanda hakipati taarifa yoyote ya kukilazimisha kuchukua hatua.

Hapa vyama vya bodaboda vinaweza kufanya kitu kisichohitaji fedha. Mwanachama akipatwa na swichi iliyozimika njiani, chama kiandike toleo la pikipiki, mwaka, namba ya chesisi na kilichotokea. Orodha hiyo ikifika kwa wakala na nakala yake kwa mamlaka inayomlinda mlaji, itakuwa vigumu kwa yeyote kusema ni uzembe wa dereva mmoja. Nawe unayenunua pikipiki mkononi mwa mtu, hamisha umiliki wiki hiyohiyo, kisha peleka namba ya chesisi na namba yako ya simu kwa wakala wa kampuni, ili wito ukitolewa ukufikie wewe unayeiendesha.