Tusizikwe na elimu zetu: Faida ya mtaalamu kuandika kitabu cha kidijitali

Kila mtaa una watu wake wa kuulizwa. Yupo mkunga mstaafu ambaye mama mjamzito humwendea hata kabla ya kufika zahanati. Yupo mhasibu ambaye wenye maduka humgongea mlango wakati wa kufunga hesabu. Yupo mwalimu anayejua kwa nini mtoto wa darasa la pili hasomi, na afanywe nini ili asome. Siku watu hawa wanapofariki hukusanyika umati mkubwa, tukawaswalia, tukawazika na kuwasifu kwa elimu yao. Kisha tunarudi majumbani bila ya elimu hiyo. Vyeti vimebaki kabatini, lakini yaliyokuwa kifuani yamekwenda na mwenyewe.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunawaomba wataalamu walio katika familia zetu waandike. Na tunapendekeza njia iliyo nyepesi kwa mtu wa kipato cha kawaida: kitabu cha kidijitali, yaani kitabu kisomwacho katika simu au kompyuta bila ya kupita kiwandani.

Jambo hili lina asili katika historia yetu. Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyeongoza hospitali katika miji ya Rayy na Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliwaandikia matabibu wenzake vitabu vizito. Lakini hakuwasahau watu wa kawaida. Aliandika pia kitabu alichokiita Man la Yahduruhu al-Tabib, maana yake, kwa yule asiyekuwa na tabibu karibu naye. Humo alieleza maradhi na tiba zake kwa vitu vinavyopatikana kwa urahisi. Na hapa pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti dogo la Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930. Makala zake zilikuja kukusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na kwa hiyo zimewafikia watu waliozaliwa baada ya yeye kufariki mwaka 1947.

Faida ya kwanza ya kitabu cha kidijitali ni wepesi wa gharama. Anayechapa kwa karatasi hulipia mamia ya nakala kabla hajauza hata moja, na mara nyingi maboksi huishia chini ya kitanda. Kitabu cha kidijitali hakina ghala wala nauli. Sheria ya kodi ikibadilika, mhasibu hurekebisha ukurasa mmoja na kutoa toleo jipya. Jamaa aliyeko Muscat hukipata siku ile ile anayokipata jirani wa Tanga.

Faida ya pili ni katika kazi yenyewe. Mteja aliyesoma kurasa 30 za mtaalamu huja akijua la kuuliza, na huja na imani. Swali lililojibiwa kwa mdomo kila siku hujibiwa mara moja kwa maandishi. Naye mwandishi hunufaika, kwani kalamu humwonyesha mtu mahali ambapo elimu yake ina tobo. Ama kuhusu fedha, tusidanganyane: vitabu vichache humtajirisha mwandishi. Lakini bei ndogo inayolipwa kwa simu ni chumo la halali, na huenda kitabu kikaleta mwaliko wa kufundisha ambao tangazo lisingeuleta.

Faida ya tatu ni ile isiyokoma. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo matatu ambayo malipo yake humfuata mja hata baada ya kufa.

Wengi watasema, sisi si waandishi. Basi familia na isaidie. Bibi azungumze, mjukuu arekodi kwa simu kisha apige chapa. Chagueni swali moja tu, mfano, mama afanye nini katika siku 40 za mwanzo baada ya kujifungua, na mlijibu mpaka liishe. Mwenye taaluma hiyo hiyo apitie kabla ya kutoa, kwani kosa la kitabibu au la kisheria likiandikwa huwadhuru wengi. Kisha hifadhini kwa PDF, ambayo hubakiza kurasa kama zilivyopangwa, au kwa EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo cha simu. Namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Zipo adabu za kuchungwa. Siri ya mgonjwa au mteja ni amana. Kuficha jina hakutoshi ikiwa mtaa mzima utamjua kwa kisa chake. Maneno ya mwingine yatajwe kuwa ni yake. Nasi wasomaji tuna wajibu wetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za mwandishi zina thamani ya mali, zinalindwa na Sharia, wala haifai kuzivamia. Kwa hiyo kununua nakala moja na kuisambaza kwa kundi zima la WhatsApp si ukarimu. Ni kugawa mali isiyokuwa yetu. Mwandishi akipenda kukitoa bure, na aseme hivyo katika ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa ni mali, aache maelezo ya mahali kilipohifadhiwa, ili warithi wake wasikipoteze.

Usiku wa leo, baada ya Isha, muulizeni mzazi wenu mwenye ujuzi swali moja la kazi yake, na simu iwe inarekodi. Huo ndio ukurasa wa kwanza. Msingoje siku ya maziko ndipo mseme alikuwa anajua mengi.

Wabillahi tawfiq.