Kurejea kwa Abiria na Kupona kwa Mashirika ya Ndege: Mafunzo ya Afrika Mashariki Baada ya UVIKO-19

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mashirika ya ndege yanavyopona baada ya janga la maradhi, kwa kurejelea UVIKO-19 na mashirika ya Afrika Mashariki na Ethiopia. Hoja kuu ni kwamba kurejea kwa abiria na kupona kwa shirika ni mambo mawili tofauti. La kwanza hutegemea mipaka na imani ya wasafiri. La pili hutegemea madeni, sarafu na upatikanaji wa ndege. Serikali inayopima mafanikio ya fedha za uokozi kwa hesabu ya abiria pekee inaweza kudhani mgonjwa amepona ilhali ni homa tu iliyoshuka.

1.0 Utangulizi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Katika majuma machache, nchi nyingi zilifunga viwanja vyao vya ndege. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), abiria duniani walipungua kutoka takribani bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. IATA, chama cha mashirika ya ndege, hupima safari kwa kilomita walizosafirishwa abiria waliolipa nauli. Kwa kipimo hicho, anguko la mwaka 2020 lilikuwa asilimia 65.9. Mwaka 2024, kipimo hichohicho kiliupita mwaka 2019 kwa asilimia 3.8.

Takwimu hizo zinaonyesha kwamba soko lilipona. Hazionyeshi hali ya mashirika yenyewe. Air Namibia ilifungwa Februari 2021. South African Airways, ambayo ilikuwa chini ya utaratibu wa uokozi tangu Desemba 2019, ilirudi angani Septemba 2021 ikiwa ndogo kuliko awali.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika tabia ya gharama za biashara hii. Ndege inapoegeshwa, mapato hukoma siku hiyohiyo, lakini kodi ya ndege, riba ya mikopo na bima huendelea kudaiwa. Ndege iliyosimama huhitaji ukaguzi na matengenezo, na rubani asiyeruka kwa muda hulazimika kurudi mafunzoni. Abiria waliokwisha kulipa nao hudai nauli zao. Pengo hilo huzibwa kwa mkopo au kwa fedha za umma, na kwa namna hiyo hasara ya mwaka mmoja hugeuka deni la miaka mingi.

2.0 Mipaka na Imani ya Wasafiri

Hatua ya kwanza ya kupona haimo mikononi mwa shirika la ndege. Tanzania iliruhusu tena safari za kimataifa tarehe 18 Mei 2020. Kenya na Rwanda zilifuata tarehe 1 Agosti, na Uganda tarehe 1 Oktoba. Kila nchi iliweka masharti yake ya vipimo na karantini.

Athari za kutopatana zilionekana mara moja. Kenya ilipofungua anga yake, Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake waliruhusiwa kuingia. Tanzania ilijibu kwa kuizuia Kenya Airways, na baadaye mwezi huohuo ikayazuia mashirika mengine matatu ya Kenya. Mgogoro ulimalizika katikati ya Septemba, baada ya Tanzania kuongezwa katika orodha na marufuku kuondolewa. Kwa takribani majuma sita, ndege na wahudumu waliokuwa tayari kufanya kazi hawakuweza kuhudumia njia hizo, ingawa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Vizuizi vilipolegezwa, wasafiri walirudi haraka. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020, kisha wakafikia 1,454,920 mwaka 2022 na 1,808,205 mwaka 2023. Si wote hufika kwa ndege, lakini mwelekeo unathibitisha kwamba hamu ya kusafiri haikufa, ilizuiwa tu.

3.0 Mizigo kama Daraja

Kati ya kufungwa kwa mipaka na kurejea kwa abiria, shirika lilihitaji chanzo kingine cha mapato. Ethiopian Airlines ilikipata katika mizigo. Shirika hilo tayari lilikuwa na ndege za mizigo na ghala kubwa Addis Ababa. Abiria walipotoweka, liliondoa viti katika ndege kadhaa za abiria na kuzitumia kubeba vifaa tiba na bidhaa nyingine. Nauli za mizigo zilikuwa zimepanda, kwa kuwa sehemu kubwa ya shehena ya anga husafirishwa chini ya sakafu ya ndege za abiria, na ndege hizo zilikuwa zimesimama.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uwezo huo haukujengwa wakati wa janga. Ulikuwapo kabla. Tanzania nayo ilichukua mwelekeo huo Juni 2023, ilipopokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F kwa ajili ya Air Tanzania.

4.0 Madeni na Sarafu

Mfano wa Kenya Airways unaonyesha wazi zaidi pengo kati ya abiria na mizania. Shirika lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 36.2 mwaka 2020. Mwaka 2022, abiria wakiwa wanaongezeka na mapato yakipanda, hasara ilifikia bilioni 38.3. Mwaka 2023 lilipata faida ya uendeshaji ya takribani bilioni 10.5, yaani nauli na mizigo vilitosha kulipia kuruka kwa ndege. Hata hivyo, hesabu za mwisho zilionyesha hasara ya bilioni 22.7.

Maelezo yake ni deni la dola. Shirika lililokopa kwa dola huona deni likikua kwa shilingi kila sarafu ya nyumbani inaposhuka, hata kama halijakopa senti nyingine. Shilingi ya Kenya ilidhoofika sana mwaka 2023. Ilipoimarika mwaka 2024, Kenya Airways ilitangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika zaidi ya muongo mmoja. Sehemu ya matokeo hayo ilitokana na juhudi za uendeshaji. Sehemu nyingine ilitokana na soko la fedha, ambalo meneja wa shirika halitawali.

5.0 Uhaba wa Ndege na Vipuri

Kikwazo cha mwisho kilijitokeza baada ya abiria kurejea. Viwanda vya ndege na injini vilipoteza wafanyakazi na wagavi wakati wa janga, na uzalishaji haukurudi kwa kasi ya mahitaji. Baadhi ya ndege za Airbus A220 za Air Tanzania ziliegeshwa kuanzia mwaka 2022 kwa sababu ya matatizo ya injini. Katika nusu ya kwanza ya 2025, Kenya Airways ilirudi katika hasara ya takribani shilingi bilioni 12 baada ya ndege zake tatu za Boeing 787 kukosa kuruka. Safari hii abiria walikuwapo. Kilichokosekana ni ndege za kuwabeba.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kupona kwa shirika la ndege hupitia hatua nne: mipaka, mapato ya mpito, madeni na vifaa. Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, fedha za uokozi zipimwe kwa hali ya mizania na idadi ya ndege zinazoruka, pamoja na hesabu ya abiria. Pili, nchi za Jumuiya zikubaliane mapema kuhusu kutambua vipimo na vyeti vya afya, kabla ya janga lijalo. Tatu, Serikali inayodhamini mkopo wa dola itathmini kwanza kama mapato ya shirika yana dola za kutosha kuulipa. Nne, karakana, vipuri na uwezo wa mizigo vihesabiwe kuwa akiba ya taifa. Akiba hiyo huwekwa wakati wa neema. Dhiki ikishafika, muda wa kuiweka huwa umepita.