Datsun ya Miono: Ilibaki siku nne ikatwe iuzwe kwa kilo

IJUMAA moja jioni nilikuwa nawaza kikosi cha mechi ya kesho yake, simu ikaita. Binamu yangu wa Miono.

“Kaka, achana na mpira, njoo huku. Kuna Datsun ya Safari Rally iko chini ya mwembe. Jamaa wa chuma chakavu anarudi Jumanne kuikata.”

Binamu yangu namjua. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia kuna straika kijijini kwao anapiga mashuti kuliko mtu yeyote Ligi Kuu, nikaenda, nikamkuta straika mwenyewe ana miaka 41. Lakini neno Datsun lilinikaa kichwani usiku kucha. Asubuhi tiketi ya mechi nikampa jirani, nikashika njia ya Bagamoyo, nikatokea Msata, na pale Mandera nikakata kulia kuelekea Miono.

Gari lilikuwa pale kweli. Boneti ndefu, mgongo umelala kama wa paka anayenyemelea, taa za mbele zimezama ndani ya matundu yake. Hapakuwa na kioo cha mbele wala viti. Ndani walikuwa wanalala kuku. Na lilikuwa jekundu, lile jekundu la kupaka kwa brashi.

“Unaona rangi?” binamu akanong'ona. “Ni yenyewe.”

Kwa vijana waliokulia kwenye Simba na Yanga peke yake, niseme kidogo kwa nini alinong'ona. Enzi za wazee wetu kulikuwa na mchezo uliokuwa ukisimamisha nchi tatu kila Pasaka. Ulianza mwaka 1953, na baadaye ukaitwa East African Safari. Magari yalikimbia zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi na tope, na watu walikesha barabarani na vibatari kuyasubiri yapite.

Na sisi tulikuwa na mtu wetu. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia 1967 akiwa na Peugeot 404. Ndiyo maana wazee wengine mpaka leo ukiwatajia Peugeot wanakaa vizuri kwenye kiti.

Halafu wakaja Wajapani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda na Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Shankland wetu akamaliza wa tatu na Peugeot 504. Mehta alikuwa mtoto wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Mwaka 1973 akarudi na 240Z, akamaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden aliyekuwa na Datsun nyingine. Sawa sawa kabisa, baada ya kilomita zote zile! Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza, Mehta akapewa ushindi. Sisi tunaolalamikia tofauti ya mabao tujue kuna waliopitia makubwa zaidi. Mehta alikuja kuchukua tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sasa rudi chini ya mwembe.

Mwenye gari ni mama mmoja mjane. Tulimwamkia, akatukaribisha kwenye mkeka, akatuletea madafu. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja Dar es Salaam. Tajiri alipofunga biashara na kuondoka nchini, hakuwa na fedha za kumpa kiinua mgongo, akampa gari. Mzee akalileta nyumbani, akaliendesha mpaka injini ikamshinda, akalipumzisha. Na kila aliyepita aliambiwa maneno yale yale: hili lilikimbia Safari.

“Na mimi nawaambia hivyo hivyo,” mama akasema. “Yule wa vyuma kanipa laki nne. Nyie mna ngapi?”

Binamu akafungua mdomo haraka. Nikamkanyaga mguu.

Niliomba kwanza nilitazame gari. Nilikuja na tochi, kisu kidogo na msasa. Ukiambiwa gari ni la historia, usianze na hadithi, anza na namba. Kwenye 240Z namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Nikasugua kutu taratibu mpaka herufi zikajitokeza: HS30. Moyo ukapiga. Hizo ndizo 240Z za usukani wa kulia. Zilizokwenda Marekani, za usukani wa kushoto, huanzia HLS30. Kwa hiyo gari lilikuwa 240Z halisi, kati ya zile za mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nikaenda kwenye kona ya mlango, nikakwangua ile rangi nyekundu. Chini yake nyeupe. Nikakwangua chini ya dashibodi, nyeupe. Ndani ya boneti, nyeupe. Nikatafuta matundu ya nondo za kulinda dereva gari likipinduka, hakuna. Sehemu za kufungia taa za ziada, hakuna. Magari ya kiwanda ya Safari yalikuja na nondo zake, taa zake na hata namba zake za Tokyo. Hili lilitoka kiwandani jeupe, likaja kubeba tajiri na familia yake. Ile nyekundu mzee aliipaka mwenyewe, na nadhani aliipaka kwa mapenzi tu.

Tumwambie au tusimwambie?

Hapa ndipo mimi na binamu tulipogombana, nyuma ya banda la mbuzi, kwa sauti ya chini.

Yeye alitaka tumwambie mama kwamba si gari la Safari, halina thamani, tumpe laki tano tuondoke. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonitia hofu. Maana gari halikukimbia Safari, sawa, lakini 240Z ya kawaida tu ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani Marekani Januari 2020 kwa Dola 310,000. Ile ilikuwa kama imetoka kiwandani juzi, hii ina kinyesi cha kuku. Hata hivyo laki tano ni wizi.

“Fedha yenyewe ni ya ufuta,” binamu akasema. “Nina ada za watoto Januari. Ukimwambia bei ya Marekani, nimekwisha.”

Hakuwa mwongo. Gari bovu linakula fedha kuliko timu inayosajili dirisha dogo.

Tukarudi mkekani. Nikamweleza mama yote mawili: kwamba gari halikukimbia Safari, na kwamba hata hivyo ni la thamani kuliko anavyoambiwa na mtu wa mizani. Alinyamaza muda mrefu. Hakuuliza kuhusu dola. Aliuliza, “Kwa hiyo mzee wangu alikuwa anadanganya?”

Nilikosa jibu. Binamu ndiye aliyeniokoa: “Mama, ndugu yake lilishinda. Mzee alikuwa anamsifia mtoto kwa sifa za kaka yake.” Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Wakakubaliana milioni nne: moja papo hapo, zilizobaki kwa misimu miwili ya ufuta, mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi. Mama akaongeza sharti moja: siku likitembea, yeye ndiye abiria wa kwanza.

Kutu haina huruma

Upepo wa bahari ya Saadani unafika Miono, na 240Z ni maarufu kwa kuoza hata sehemu zisizo na bahari. Bati lake ni jembamba. Sehemu ya kuwekea betri ilikuwa imeliwa yote, sakafu upande wa dereva ulikuwa unaiona nyasi, na kingo za chini ya milango zilivunjika kwa kidole. Fundi wa kwanza alitaka kuchomelea kwa mashine ya vijiti, ile ya mageti. Akagusa mara moja, tundu la shilingi likawa la kikombe. Tukamshukuru, tukatafuta mwenye mashine ya waya na gesi, anayeshona kidogo kidogo na kuacha bati lipoe. Kuna mwingine alishauri tujaze puti halafu rangi. Gari la namna hiyo linapendeza kwenye picha, halafu masika moja linadondoka vipande.

Injini ya asili, L24 ya silinda sita, haikuwepo. Iliuzwa zamani, hakuna anayekumbuka kwa nani. Hapa nchi yetu ikatusaidia. Zile Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980 zilikuwa na L28, ya ukoo huo huo, kubwa kidogo tu. Binamu aliipata kwenye Patrol iliyokufa, ikakaa mahali pake bila kulazimishwa. Wazungu wa magari ya maonyesho watanuna. Sisi tunataka litembee.

Ugomvi uliobaki ni wa rangi. Binamu anataka nyekundu na boneti nyeusi, kama ya Herrmann. Mimi nasema nyeupe, ndivyo lilivyozaliwa. Mama tulipomuuliza akasema nyekundu, ile ile ya mumewe, na kama inawezekana kona moja ya mlango tusiiguse.

Juzi binamu kapiga simu tena. Taa za nyuma zimefika kutoka Japani, amefungua boksi. Zote mbili ni za kushoto.