Kabla ya Kumwaga Zege: Msingi Unaostahimili Mitetemeko ya Ardhi

Wakazi wa Kaunti ya Nakuru wanaopanga kujenga wanahimizwa kujiuliza swali ambalo wengi hulisahau: je, msingi wa nyumba utastahimili tetemeko la ardhi?

Kaunti hii iko ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ingali inapanuka polepole. Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilikumba eneo la Subukia na kupasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Leo maeneo hayo yana makazi, shule na maduka mengi kuliko wakati huo.

Tetemeko huingia nyumbani kupitia msingi. Ardhi inaposogea, msingi husogea nayo, huku uzito wa kuta na paa ukichelewa kufuata. Ikiwa msingi ni wa mawe yasiyofungwa kwa vyuma, kila upande huenda njia yake na kuta hupasuka, hasa kwenye kona za milango na madirisha. Msingi ulioshikana husogea kama kitu kimoja.

Mambo manne yanafaa kuzingatiwa:

Udongo: Mtaro uchimbwe hadi ardhi ngumu. Udongo mweusi wa pamba, majivu laini ya volkeno na udongo wa kujaziwa havifai kubeba nyumba. Kwenye mteremko, nyumba isikae nusu juu ya ardhi iliyokatwa na nusu juu ya udongo uliojaziwa.

Vyuma: Vizunguke msingi wote na kushikana vizuri kwenye kona. Vyuma vya nguzo vianzie ndani ya msingi. Mkanda wa zege lenye vyuma upite pia juu ya milango na madirisha.

Zege: Maji mengi hurahisisha kazi ya kuchanganya lakini hudhoofisha zege. Likishamwagwa, lipewe maji kwa angalau siku 7.

Maji ya mvua: Yaelekezwe mbali na nyumba, kwani yakimomonyoa udongo huacha mapengo chini ya msingi.

Kwa nyumba ambazo tayari zimejengwa, nyufa za mshazari zinazozidi kupanuka ni onyo. Plasta huzificha tu. Mhandisi aitwe mapema, kwa sababu kuimarisha msingi chini ya nyumba iliyokamilika huhitaji kuchimbua kipande kwa kipande, kazi ambayo ni ghali kuliko vyuma vilivyoachwa mwanzoni.

Ramani ya nyumba ni lazima iidhinishwe na kaunti kabla ya kuchimba, na mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Mwenye nyumba ahakikishe mhandisi amekagua mtaro na vyuma kabla ya zege kumwagwa. Vikishafunikwa, kosa halionekani tena hadi siku ardhi itakapotikisika.