Pesa ya Jioni Ufukweni mwa Mji Mkongwe

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kiasi cha saa mbili kufika Unguja, lakini biashara yenyewe imo katika dakika za mwisho. Abiria huhamia upande wa kulia, simu mkononi: Ngome Kongwe, Beit al Ajaib, kasri ya masultani, Dispensari ya Zamani na roshani zake za mbao zilizochongwa, kisha makontena na majahazi ya Malindi. Hakuna tangazo la kulipia linaloweza kushindana na mandhari hayo.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000, na mwaka uliofuata wakapita 736,000. Wengi wao hutua uwanja wa ndege wakapelekwa moja kwa moja Nungwi, Kiwengwa au Paje, kwenye hoteli ambazo malazi, chakula hata vinywaji vimeshalipiwa Ulaya. Mjini huja siku moja tu, pengine nusu. Ndiyo maana bandari hii ina uzito kuzidi ukubwa wake: hapa fedha ya mgeni humfikia mchuuzi mkononi, bila kupitia kwa wakala.

Nenda Forodhani baada ya maghrib. Bustani hii, iliyokarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kukamilika mwaka 2009, hugeuka jiko la wazi. Mpishi wa piza ya Kizanzibari hutandaza donge la unga hadi likawa jembamba kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, akatia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, akakunja pembe nne na kulitupia kwenye chuma chenye mafuta. Pembeni miwa inakamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Vijana wa makachu wanajirusha baharini kutoka ukutani, na wageni wanawapiga picha. Nyuma ya kila meza kuna mnyororo mrefu: mvuvi aliyeleta pweza dikoni, muuza mkaa, mwenye shamba la miwa, kijana wa kuosha vyombo.

Asubuhi zamu ni ya manahodha wa mashua za kwenda Changuu kuona kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Bei hupatanwa mchangani. Mgeni aliyeandamwa na mapapasi, madalali wa mtaani wanaowavizia watalii, tangu getini hufika akiwa ameshachoka, na aliyechoka hanunui. Bei zikiandikwa ubaoni, naamini manahodha na wapishi watapata zaidi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni majengo. Beit al Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kunusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Uso wa bandari ndio mtaji wa kila mwenye meza pale chini, ijapokuwa haumo katika daftari la mtu yeyote. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000; chumvi na mvua hazikusimama kwa ajili ya hadhi hiyo.

Serikali inapanga bandari kubwa ya mizigo Mangapwani, na ni uamuzi sahihi, kwa kuwa Malindi imebanwa na mji. Makontena yakiondoka, itabaki ardhi ambayo kila mwenye hoteli ataitamani. Kabla mchoro wa kwanza haujapitishwa, iandikwe kwenye masharti ya uwekezaji kwamba majahazi yataendelea kufunga Malindi, diko na soko la samaki lililojengwa upya kwa msaada wa Japani litabaki mahali pake, na wapishi wa Forodhani hawatapandishiwa kodi ya meza mpaka wakaondoka.