Kadi ya biashara: Finishingi ipi itadumu mkononi mwa mteja wako, Mbinga hadi Lipingo?

Unataka kadi ya biashara ambayo mtu akiishika tu, anajua uko siriasi. Sawa kabisa. Lakini kadi iliyopendeza kwenye kaunta ya mchapaji Kariakoo inaweza kufika Lipingo ikakutana na mkono uliotoka kuanika dagaa, jasho la mfuko wa shati na mvua ya Machi. Ikichubuka pale penye namba ya simu, hela yako imekwenda na mteja naye kakupotea.

Ndiyo maana swali la kwanza si "finishingi ipi ni kali?" Swali ni: nani ataishika, na atafanya nayo nini?

Anza na karatasi

Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Kadi nzuri huanzia gramu 300 au 350. Ukishuka sana chini ya hapo, kadi italegea hata ukiipamba vipi.

Ni kama nyumba tu: finishingi haiokoi ukuta mbovu. Kama bajeti ni ndogo, ongeza kwanza unene wa karatasi, mapambo yafuate baadaye.

Finishingi tano na jinsi zinavyoshikika

*1. Lamineshini ya mati.* Ni utando mwembamba wa plastiki usiong'aa, unaobandikwa juu ya kadi. Ukiipitishia kidole inateleza kidogo, na haiakisi mwanga. Inazuia matone ya maji yasifikie wino. Tatizo lake ni kwamba kalamu ya kawaida haishiki vizuri juu yake.

*2. Sofiti tachi.* Nayo ni utando, ila ukiugusa unahisi kama velveti au ngozi ya pichi. Hii ndiyo watu wengi wanaipenda mara ya kwanza. Lakini kwenye rangi nyeusi au bluu iliyokolea, alama za vidole vyenye mafuta na mikwaruzo huonekana haraka.

*3. Spoti UV.* Hapa mchapaji anapaka vanishi sehemu fulani tu, kwa mfano kwenye nembo, halafu anaikausha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Ikiwekwa juu ya lamineshini ya mati, nembo inang'aa huku sehemu nyingine zimetulia. Angalizo: spoti UV ya kawaida ni nyembamba, kidole kinaweza kisiihisi. Kama unataka mwinuko, omba ile iliyonyanyuliwa.

*4. Embosi.* Karatasi inabanwa kati ya mabamba mawili mpaka maandishi yananyanyuka. Hakuna wino wala plastiki inayoweza kubanduka, kwa hiyo mwinuko unakaa muda mrefu. Ila upande wa nyuma unabaki na mashimo ya umbo lile lile, kwa hiyo usipange kuweka namba ya simu hapo.

*5. Foili.* Ni utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, fedha au nyingineyo unaogandishwa kwenye karatasi kwa bamba la moto. Unapendeza kwenye jina au nembo. Maandishi madogo sana yanaweza kujaa na kushikana.

Mlimani na ziwani si sawa

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizozidi 70 kwa barabara ya lami, lakini unashuka kutoka milima ya Wamatengo yenye baridi na kahawa hadi ziwani, ambako kuna joto na unyevu. Kadi haziishi maisha yaleyale sehemu hizi mbili.

Tuseme unauza kahawa ya Mbinga, umeikaanga na kuifunga mwenyewe. Kadi yako itaenda kwa mnunuzi wa Songea au Dar, ataiweka mezani, na huenda ataandika nyuma yake bei na kilo mlizozungumza. Hapo karatasi nene isiyo na lamineshini, yenye embosi kwenye nembo, inakufaa. Inaandikika, na ule ukavu wake unaendana na bidhaa ya shambani.

Sasa chukua mwenye boti au nyumba ya wageni huku Lipingo, Liuli au Mbamba Bay. Kadi yake inashikwa na mikono yenye maji na inawekwa kwenye mfuko wa kaptula ya kuogelea. Karatasi tupu itavimba. Huyu anahitaji lamineshini ya mati pande zote mbili, na spoti UV iliyonyanyuliwa kama hela ipo.

Kwa nini pande zote mbili? Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka. Ukifunika upande mmoja tu, ule ulio wazi unatanuka, uliofunikwa unabaki vilevile, na kadi inajikunja kama chapati iliyokaukia sahanini. Ukilazimika kufunika upande mmoja ili nyuma paandikike, chukua karatasi nene zaidi.

Na kumbuka kingo za kadi huwa wazi hata ukiweka lamineshini. Kadi iliyolowekwa ndani ya ndoo itaingiza maji pembeni tu. Lamineshini inazuia matone, haizuii kuzama.

Namba ya simu isiguswe na mapambo

Huku watu wengi watakupigia au watakutumia hela kwa simu, hawatafungua tovuti. Kwa hiyo namba ya simu na Lipa Namba ziwe kwa wino wa kawaida mweusi, herufi kubwa, juu ya rangi nyeupe au hafifu. Usiziwekee foili: chini ya jua kali dhahabu inaakisi, na mzee wa watu hataona kama ni 6 au 8.

Kama una kodi ya QR, iache bila foili, bila embosi na bila spoti UV. Kamera ya simu inahitaji tofauti ya wazi kati ya nyeusi na nyeupe, mng'ao unaivuruga.

Gharama kubwa iko kwenye bamba

Embosi na foili ya moto huhitaji bamba la kutengenezwa kwa ajili ya nembo yako. Gharama ya bamba ni ileile ukichapa kadi chache au nyingi.

Piga hesabu ya mfano: kama bamba ni sh 60,000, kwa kadi 100 linaongeza sh 600 kwenye kila kadi. Kwa kadi 500, linaongeza sh 120 tu. Muulize mchapaji kama bamba litabaki kwako, ili mara ya pili usilipie tena.

Lakini usichape 500 kama namba yako inaweza kubadilika mwezi ujao. Biashara ikiwa mpya, anza na mati na kadi chache. Embosi itakusubiri.

Majaribio manne kabla hujatuma hela

Oda nyingi hufanyika kwa WhatsApp na mzigo unakuja kwa basi. Picha haiwezi kukuonyesha jinsi kadi inavyoshikika, kwa hiyo omba sampuli halisi, hata iwe ya kazi ya mtu mwingine. Kisha:

- Maji: dondosha matone machache, subiri dakika tano, futa. Wino umetoka? Karatasi imevimba?
- Kucha: kwaruza kwenye rangi iliyokolea na pembeni. Utando ukianza kubanduka, achana nayo.
- Kalamu: andika namba ya simu nyuma, pitisha kidole. Kama inafutika na wateja wako huwa wanaandika, hiyo siyo yako.
- Mfuko: tembea nayo siku nzima kwenye mfuko wa suruali pamoja na funguo na sarafu. Jioni iangalie upya.

Ukibaki njia panda, mwenye boti achukue mati pande mbili, na muuza kahawa achukue karatasi nene yenye embosi. Sofiti tachi waachie wanaogawa kadi ofisini, kwa watu wenye mikono mikavu.